Ukipanda paa Bugolobi, kwanza uliza kamba itafungwa wapi



 Katika jarida hili mmezoea kusoma habari za chandarua, chanjo, maji safi na lishe ya watoto. Leo nimeomba nafasi nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo halina kidonge katika duka la dawa la kituo chetu, nalo ni kuanguka kutoka juu ya paa. Najua wengine watauliza, "Huyu kijana wa afya, tangu lini amekuwa fundi?" Naomba mnivumilie. Mtaona kwamba jambo hili linaingia afya moja kwa moja.

Katika kijiji ninachohudumia yuko kijana wa miaka 23. Yeye na mama yake wamenikubalia niandike habari yake bila kutaja jina. Zamani alikuwa kiungo wa timu ya mpira, na waliomwona akicheza wanamkumbuka. Leo hawezi kugeuka kitandani bila msaada. Mama yake humgeuza ubavu kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ili asipate vidonda vya mgongoni. Mimi nikifika asubuhi namsaidia mama alale kidogo. Vidonda tumevizuia mara mbili, mara ya tatu vilitushinda, akapelekwa Mbarara. Mkojo unatoka kwa mpira. Kila mara homa ikipanda tunajiuliza kama ni malaria au ni maambukizi ya mkojo. Hiyo ndiyo kazi iliyobaki baada ya anguko la chini ya sekunde mbili.

Alianguka Bugolobi.

Kwa wasioujua, Bugolobi ni mtaa wa mlimani mashariki mwa Kampala, katika Divisheni ya Nakawa, ukielekea Luzira na Port Bell. Juu yake kuna majumba makubwa yenye ukuta na geti, kuna maflati ya zamani, kuna maduka na mahoteli, na bondeni kuna kinamasi cha Nakivubo. Mtaa wa namna hiyo hauishiwi kazi za juu. Huyu anabadilisha mabati ya zamani, yule anapaka paa rangi, mwingine anaweka tangi la maji au vioo vya umeme wa jua. Wenye nyumba hawapandi. Tunaopanda ni sisi na vijana wenzetu Waganda waliotoka vijijini.

Nasema "sisi" kwa sababu na mimi nimepanda. Nilipomaliza Senior Four sikuwa na ada ya kuendelea, nikaenda Kampala, nikawa saidia fundi, wale wanaoitwa pota. Nilibeba mabati Bugolobi kwa miezi 7 kwa shilingi 20,000 kwa siku, siku nyingine pungufu. Tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2023, na tena mwaka 2025, vijana wanaofuata njia hiyo wameongezeka. Siwezi kumwambia mtu asiende. Mama mwenye watoto watano ambaye jina lake limetolewa kwenye orodha ya chakula, nimwambie nini? Ninachotaka kusema ni habari ya kamba.

Kijana wetu alipewa mkanda. Hilo lazima lisemwe, maana watu husikia "alianguka" wakafikiri alipanda mikono mitupu. Alipewa mkanda mzima, wa mabegani na mapajani, wenye kamba mgongoni na ndoano ya chuma mwishoni. Akauvaa. Akapanda ngazi mpaka juu ya nyumba ya ghorofa moja. Akafika kwenye paa, akatazama huku na huku pa kufunga ndoano, hakuna. Mabati tupu. Basi akafanya kama wanavyofanya wote, na kama nilivyofanya mimi kwa miezi 7: ndoano akaifunga kwenye mkanda wake mwenyewe, ubavuni, ili kamba isimkwaze miguuni. Kwa anayetazama kutoka barabarani, mtu huyo amefungwa. Ukweli ni kwamba amejifunga kwa nafsi yake.

Karibu saa tano asubuhi alikanyaga lile bati la plastiki linaloingiza mwanga ndani. Lilikuwa limepauka kwa jua na kupakwa rangi sawa na mengine, hakulitambua. Likapasuka, akapita. Alitua sakafuni kwa mgongo, mkanda ukiwa mwilini na ndoano yake ikiwa bado imefungwa vizuri kabisa ubavuni.

Tulipozungumza baadaye aliniambia, "Kaka, nilikuwa nimevaa kila kitu." Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Kitu kilichokosekana kwenye paa lile ni kidogo. Ni pete ya chuma, au bamba lenye tundu, lililofungwa kwa boliti kwenye mbao kubwa za paa ili ndoano ya kamba ipate pa kushika. Mafundi wa nchi nyingine wana majina yao, lakini ninyi mliotoka Uvira, Baraka au Kalemie mnaielewa kwa jina moja: ni nanga. Mtumbwi wenye kamba nzuri bila nanga unakwenda na upepo.

Niliiona pete hiyo mara moja tu katika miezi yangu yote 7. Ilikuwa nyumba moja upande wa juu wa Bugolobi, na mwenye kazi alikuwa ameagiza zifungwe kabla mabati hayajapigwa. Zilikuwa kadhaa, zimepangwa juu kabisa ya mgongo wa paa. Kila mmoja wetu alifunga ndoano yake akafanya kazi. Siku ya kwanza tulicheka, tukaitana mbuzi waliofungwa. Siku ya pili tuliona kwamba kazi inakwenda haraka zaidi, maana mtu asiyeogopa hatembei kwa magoti.

Sasa nieleze kwa nini pete hii haifungwi ovyo, kwa sababu najua mtu akisoma hapa ataenda kupigilia msumari na kusema ameshapata nanga. Chukua mtu wa kilo 70. Akianguka mita 2 kisha kamba ikamsimamisha ghafla ndani ya sentimita 10, nguvu inayovuta pale ilipofungwa ni kama uzito wa kilo 1,400 na zaidi. Ndiyo sababu Marekani, kwa mfano, sheria inataka kila pete ihimili karibu kilo 2,270 kwa mtu mmoja. Hayo ni magunia 22 ya mahindi ya kilo 100, yakining'inia mahali pamoja. Je, ule mfereji wa bati wa maji ya mvua unaweza? Bomba la tangi? Mlingoti wa antena? Tofali za ukingo wa paa? Zile mbao nyembamba zinazopigiliwa mabati? Hakuna hata kimoja. Nimeona vyote hivyo vikifungiwa kamba, na aliyefungiwa alikuwa na amani moyoni, jambo ambalo ni baya kuliko hofu.

Pete inafungwa kwenye mbao kubwa zinazobeba paa lote. Boliti inapita upande hadi upande, na bamba la chuma linawekwa nyuma ili boliti isichanike kwenye mbao. Misumari peke yake haitoshi kwenye bati, kwa sababu bati halishiki chochote. Wakati mzuri wa kuifunga ni wakati paa bado liko wazi, mbao zinaonekana, na fundi anaweza kuzungusha spana kwa chini. Kama nyumba ni ya zamani, linafunguliwa bati moja karibu na mgongo wa paa, pete inafungwa kwenye mbao kubwa, bati linarudishwa na mpira wa kuzuia maji unawekwa. Mwenye nyumba akilia kwamba paa litavuja, mwambie mpira huo ndio uleule unaowekwa chini ya misumari ya mabati yake yote. Kwenye paa la zege inatobolewa tundu ndani ya zege lenyewe, si kwenye plasta, na vumbi linatolewa kabla boliti haijaingia. Hiyo ni kazi ya fundi anayeijua. Mimi nakueleza ili ujue kuuliza.

Na kama mwenye kazi hataki pete ya kudumu? Upo mkanda mpana wa kitambaa kigumu, uliotengenezwa kwa kazi hiyo, unaozungushwa kwenye boriti kubwa au nguzo ya zege, ndoano inafungwa humo, jioni unaondoka nao. Kamba ya katani ya kufungia mbuzi si kitu hicho. Wala ile ya nailoni ya kufungia mizigo kwenye bodaboda.

Kamba yenyewe ina kifuko kilichoshonwa karibu na mgongo. Wengi hukikata wakidhani ni takataka. Kifuko kile kinafumuka mtu anapoanguka, kinampunguzia mshtuko ili mkanda usimvunje mbavu. Lakini kikifumuka kinarefusha kamba. Kwa hiyo jumlisha: kamba mita 2, kufumuka karibu mita 1 na robo tatu, mwili wako kuanzia mgongoni hadi nyayo mita 1 na nusu, na nafasi ya kubaki mita 1. Unahitaji zaidi ya mita 6 kati ya pete na ardhi. Paa likiwa chini ya hapo, utafika ardhini kabla kamba haijamaliza kazi yake. Kwa nyumba za chini inafaa kamba fupi ambayo haikuruhusu hata kufika ukingoni. Urefu upimwe kutoka kwenye pete hadi ukingo, na kamba iishie kabla. Tena pete iwe nyuma yako au juu yako. Ikiwa mbali pembeni utabembea kama mtoto kwenye pembea mpaka ukutani, na ukuta hauna huruma.

Mkanda wa kiunoni peke yake usiukubali. Marekani ulikatazwa kwa kazi ya kuzuia anguko tangu tarehe 1 Januari 1998, kwa sababu unaweza kumkata mtu tumbo na uti wa mgongo. Na mkanda wowote uliowahi kumshika mtu aliyeanguka haurudishwi kazini, hata kama macho hayaoni kasoro. Kampala vitu hivi vinauzwa kwa mkono wa pili. Ukiona nyuzi zimechanika, zimekakamaa kwa saruji au zimepauka kwa jua, uache.

Sasa nije kwenye maneno ninayoambiwa kila ninapozungumza jambo hili.

Wazee huniambia, "Mwanangu, siku ya mtu ikifika imefika." Nawaheshimu wazee wangu, na siku yangu naijua Mungu. Lakini mzee huyohuyo akivuka ziwa anataka mtumbwi usiovuja, na mjukuu wake akiharisha ananiamsha saa nane za usiku nilete chumvi ya kuchanganya na maji. Tuliacha kusema hivyo kuhusu kipindupindu. Mtu akidondoka kutoka mita 6 anafika chini kwa sekunde 1 na kidogo, akiwa na mwendo wa karibu kilomita 39 kwa saa. Ni sawa na kugongwa na bodaboda. Hakuna siri hapo.

Vijana nao wananiambia, "Kaka, ukidai pete unaambiwa shuka, wapo kumi getini wanangoja." Hili ni gumu zaidi, na sitawadanganya kwamba nina jibu zima. Mimi mwenyewe sikudai. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu ya shilingi 20,000. Ninachoweza kusema ni kwamba mtu mmoja akidai anafukuzwa, na watu sita wa timu moja wakiuliza pamoja, asubuhi, kabla ngazi haijasimamishwa, msimamizi wa saiti anafikiri mara mbili, maana siku yake nayo inapotea. Msiulize kwa ukali. Muulizeni tu: "Boss, ndoano tufunge wapi?" Mwache yeye ndiye atafute jibu. Akionyesha mfereji wa maji, cheka kidogo, umuulize tena.

Na mjue kwamba si fadhila mnayoomba. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri aweke mahali pa kazi salama na atoe vifaa vya kinga bila kumtoza mfanyakazi. Inampa mfanyakazi haki ya kujiondoa penye hatari. Sheria ya Wakimbizi, nayo ya mwaka 2006, inatupa ruhusa ya kufanya kazi, kwa hiyo msimamizi anayesema "wewe mkimbizi huna haki hapa" anasema uongo. Iko pia Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000. Kwa aliyekufa kazini akaacha wanaomtegemea, au aliyelemaa kabisa asiweze kazi tena, fidia inahesabiwa kwa mapato ya miezi 60. Familia ya kijana wetu haikujua hilo. Walipewa nauli ya basi na kilo 10 za mchele. Kufikia siku walipoelezwa, waliokuwa naye kazini walikuwa wametawanyika, na mtu aliyemwajiri simu yake ilikuwa imezimwa. Basi ukianza kazi, mwandikie mtu wako hapa nyumbani jina la anayekulipa, namba yake ya simu, na mahali nyumba ilipo. Ujumbe mfupi wa simu unatosha. Ukiumia, habari ipelekwe kwa mwajiri na kwa afisa wa kazi haraka, mwezi usiishe.

Upo ushahidi mwingine wa jinsi tunavyohesabiwa. Septemba 2004 hoteli iliyokuwa ikijengwa Bwebajja, barabara ya Entebbe, iliporomoka na kuua watu zaidi ya 10. Oktoba 2008 udongo uliwafunika wafanyakazi kwenye shimo la msingi katika Lumumba Avenue, Kampala. Magazeti yaliandika, wakubwa walifika. Ilistahili hivyo. Lakini mtu mmoja akipita kwenye bati la plastiki Bugolobi, saa tano asubuhi, hakuna gazeti. Mwanya unafunikwa mchana uleule, kazi inaendelea. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu 684,000 wanaokufa kwa kuanguka kila mwaka duniani, wazee na watoto wakiwemo, na wengi mno wako katika nchi kama hizi zetu. Wanaanguka mmoja mmoja, kwa hiyo hawaonekani.

Niseme na sehemu inayonihusu kikazi. Waliokuwa na kijana wetu walimpenda. Ndiyo sababu walimkimbilia, mmoja akamshika makwapani, mwingine miguuni, wakamkunja, wakamweka kati ya watu wawili juu ya bodaboda wakampeleka hospitali. Walifanya walichojua. Sina uhakika uti wake uliharibika wakati wa kuanguka tu, na hakuna anayeweza kuniambia sasa. Ila wewe unayesoma ujue hivi. Aliyeanguka kutoka juu asiinuliwe wala asikalishwe, hata akisema yuko sawa. Mtu mmoja apige magoti kichwani kwake, ashike kichwa kwa mikono miwili kisicheze, azungumze naye. Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi. Tafuteni ubao mpana, hata mlango ung'olewe, saiti hazikosi mbao. Watu wanne au watano wamgeuze kwa pamoja kama gogo moja, kichwa, mgongo na miguu vikiwa mstari mmoja, ubao uingie chini yake. Afungwe kwenye ubao, asafirishwe amelala, kwa gari. Pickup ya kubeba mchanga ni bora kuliko bodaboda.

Na kama pete imefanya kazi yake, mtu akabaki ananing'inia, msipige picha. Mshusheni mara moja. Kuning'inia kwenye mkanda bila kujongea kunazuia damu miguuni, na mtu anaweza kuzimia ndani ya dakika chache. Akiwa na fahamu, achezeshe miguu, akanyage ukuta au kitanzi cha kamba. Kwa hiyo ngazi ndefu isiondolewe pale mnapofanyia kazi, wala asibaki mtu mmoja peke yake juu ya paa.

Hapa kambini kwetu nyumba ni fupi, pete haina kazi kubwa. Lakini tangu watu waanze kuondoa turubai na kuweka mabati nimepeleka kituoni watatu waliovunjika mkono au kiungo cha mguu. Kwetu dawa ni ngazi imara inayopita ukingo wa paa kwa mita 1, mtu wa kuishika chini, ubao wa kukanyagia uliolazwa juu ya mbao, na kutopanda baada ya mvua. Hilo halihitaji maneno mengi.

Maneno yangu ya mwisho nayaelekeza kwetu sisi wa afya, na natumaini wahariri wataniachia. Tunakwenda nyumba kwa nyumba na picha za mbu na nzi. Tunajua wiki gani vijana wanaondoka kwenda Kampala, kwa sababu mama zao wanatuambia. Wanapita mbele ya kituo wakiwa na begi mgongoni, tunawapungia mkono. Hatujawahi kuwaambia neno moja juu ya paa. Tunawasubiri warudi wakiwa wamelala. Gharama ya kumtunza mtu mmoja aliyevunjika uti, pamba, mipira ya mkojo, dawa, safari za Mbarara, miaka nenda rudi, ingetosha kununua mikanda na pete za timu nzima. Mimi naona somo la saa mbili kabla ya kuondoka ni kazi yetu kama chanjo ilivyo kazi yetu. Wenzangu wawili wameniambia hilo ni la wizara ya kazi. Labda. Lakini wizara haimgeuzi huyu kijana ubavu saa tisa za usiku.

Yeye mwenyewe alinipa wazo. Mkanda wake ulirudi naye kutoka Kampala, maana hakuna aliyekumbuka kuudai. Haukuwahi kumshika mtu. Tumeuosha, tumeutundika kwenye chumba cha mafunzo kituoni, na fundi mmoja wa hapa ametufungia pete kwenye boriti ya chumba hicho, ya boliti, upande hadi upande. Kila Jumatano baada ya zoezi la kupima uzito wa watoto, mama yake na mimi tunamleta kwa kiti cha magurudumu, naye anafundisha: jinsi ya kuuvaa, kukaza mapajani, na kutafuta pa kufunga kabla ya kuachia ngazi. Wiki iliyopita walikuja vijana 9. Anayepanga kupanda basi mwezi huu aje ajaribu kuning'inia hapo kidogo, kwa kamba fupi, karibu na sakafu. Waje na akina dada pia, maana wapo wanaobeba mabati Kampala.

Mhudumu wa afya wa jamii, Nakivale